Likwidi bayopsi kwa kijana mwenye sakoma: mwongozo kamili, kuanzia tyubu ya kwanza mpaka kusoma majibu

Kama kuna kijana kwenu ameambiwa ana sakoma, au kijana mwenyewe ndo wewe unayesoma, naomba usome hii kabla kemo (dawa kali za saratani) ya kwanza haijaanza. Nasisitiza kabla, manake katika habari nzima ya kipimo hiki cha damu kuna sampuli moja ambayo ikipita imepita, huwezi kuja kuichukua baadaye hata uwe na hela kiasi gani, na ndo sampuli ambayo wengi wanaikosa kwasababu hamna mtu aliyewaambia mapema.

Sakoma ni saratani za mifupa na za tishu laini kama misuli na mafuta. Kwa watu wazima ni adimu, karibu asilimia 1 tu ya saratani zote, ila kwa vijana sehemu yake inapanda sana. Marekani wakisema vijana wa kundi hili wanahesabu kuanzia miaka 15 mpaka 39, na ni umri mgumu kwakweli, wodi ya watoto wanasema umeshakua, wodi ya wakubwa ugonjwa wako hawajauzoea, goti linauma mpaka usiku unashindwa kulala na nyumbani wanasema ni mpira huo au mwili unakua, wengine wanachuliwa miezi na uvimbe unaendelea kukua. Uvimbe kwenye mfupa ambao haujajulikana ni nini usichuliwe, upigwe eksirei kwanza.

Sasa likwidi bayopsi ni nini. Seli za uvimbe zikifa zinamwaga vipande vya DNA kwenye damu, vifupi sana, herufi 166 hivi kila kimoja, na havikai muda mrefu, ndani ya saa mbili tatu nusu yake inakuwa imeshaondolewa na mwili. Kwahiyo damu ya leo inakupa habari ya uvimbe wa leo. Vipande vya uvimbe vinaitwa ctDNA, na vimechanganyika na vipande vingine vya kawaida ambavyo kila binadamu anavyo, vingi vinatoka kwenye seli nyeupe za damu, hivyo vyote kwa pamoja vinaitwa cfDNA. Kazi nzima ya kipimo ni kutafuta vile vya uvimbe katikati ya vile vya kawaida.

Na niseme wazi tangu hapa ili mtu asije akauza shamba: kwa sakoma kipimo hiki bado hakijawa cha kawaida popote duniani. Kinatumika zaidi ndani ya tafiti na kwenye vituo vikubwa. Hakichukui nafasi ya kukata kinyama na hakichukui nafasi ya siti skani. Kinachofanya ni kuongeza taarifa, na ikichukuliwa vizuri ni taarifa nzito.

Hatua ya 1: Jua jina kamili la sakoma

Neno sakoma peke yake halitoshi, ziko zaidi ya aina 50 na kila moja ina alama yake ya kutafuta kwenye damu, na zingine hazina alama moja inayoeleweka.

Sakoma ya Ewing, ambayo James Ewing aliielezea mwaka 1921, ndo rahisi kuliko zote kwa kazi hii. Kipande cha jeni EWSR1 kilichoko kromosomu ya 22 kinaungana na jeni FLI1 ya kromosomu ya 11, hiyo ni kama asilimia 85 ya wagonjwa, na kwa asilimia 10 hivi inaungana na ERG badala ya FLI1. Muungano huo hauko kwenye seli zako zenye afya, uko kwenye uvimbe tu, kwahiyo ukionekana kwenye damu maana yake ni moja. Kizuri zaidi ni kwamba sehemu kamili ya DNA ilipokatikia na kuungana inatofautiana mgonjwa kwa mgonjwa, yaani kila mtu ana yake, na maabara ikishaijua yako inaweza kutengeneza kipimo cha kwako peke yako. Ubaya wake ni huohuo, kwamba lazima kwanza waijue, na wanaijua kutoka kwenye kinyama.

Rabdomayosakoma ya aina ya alveola ina PAX3 au PAX7 imeungana na FOXO1. Sakoma ya sinovia ina SS18 na SSX. Ile ya tumboni inayopata sana wavulana na vijana wa kiume, ya seli ndogo za duara, ina EWSR1 na WT1.

Osteosakoma, ambayo ndo kubwa kwa umri wa kubalehe na inapenda maeneo ya goti, haina muungano mmoja wa kutafuta. Kromosomu zake zimevunjikavunjika na kuungwa ovyo, jeni TP53 na RB1 mara nyingi zimeharibika, na sehemu ya mkono mrefu wa kromosomu ya 8, ilipo jeni MYC, mara nyingi ina nakala za ziada. Kwahiyo hapa maabara haitafuti alama moja, inahesabu nakala, wapi zimezidi na wapi zimepungua. Ndo maana mtu mwenye osteosakoma akinunua kipimo cha Ewing ametupa hela, na kinyume chake hivyohivyo.

Kaposi sakoma tunayoiona sana huku kwetu kwa wenye VVU ni habari nyingine, ile inaletwa na kirusi cha HHV-8 na kwenye damu unatafuta DNA ya kirusi. Siizungumzii hapa.

Hatua ya 2: Kinyama kikatwe vizuri na kisichomwe na tindikali

Hii watu hawaisemi kabisa. Kinyama cha mfupa ni kigumu, maabara ya patholojia inabidi ikilainishe ndo iweze kukikata kwa kisu chembamba, na njia ya haraka ni kukiweka kwenye tindikali kali. Mfupa unalainika sawa, ila DNA iliyoko ndani inaharibika na hapo ndo umepoteza uwezo wa kujua muungano wako uko wapi, yaani kipimo chote cha damu cha baadaye kimekosa msingi. Suluhisho lipo na sio ghali, ni ama kulainisha kwa EDTA, kemikali inayotoa kalsiamu ya mfupa, ambayo ni ya taratibu ila inatunza DNA, au kutenga kile kipande laini cha uvimbe ambacho hakina mfupa na kukiweka pembeni bila kukigusisha tindikali.

Kwahiyo kabla ya kukatwa kinyama mwambie daktari hivi: "Dokta, samahani, naomba patholojia watenge kipande ambacho hakijapita kwenye tindikali, tunaweza kukihitaji kwa vipimo vya jeni." Sentensi hiyo moja inatosha. Na anayekata awe yule daktari wa mifupa atakayefanya upasuaji mkubwa au awe ameongea naye, manake njia ya sindano ikipita pasipofaa inaweza kuharibu upasuaji wa kuokoa mguu. Baada ya hapo omba bloku ya nta, yaani kile kinyama kilichohifadhiwa ndani ya nta, itunzwe, na nakala ya ripoti ya patholojia kaa nayo mwenyewe, kwenye simu na kwenye karatasi.

Hatua ya 3: Damu ya kabla ya kemo

Sasa tumefika pale nilipoanzia. Kemo ikianza, kwa mgonjwa anayeitikia vizuri ctDNA inashuka haraka sana, wagonjwa wengi wa Ewing baada ya mizunguko miwili tu haionekani tena. Hiyo ni habari njema, lakini kama hukuwa na damu ya mwanzo huwezi kujua kama haionekani kwasababu dawa imefanya kazi au kwasababu uvimbe wako tangu mwanzo ulikuwa haumwagi DNA ya kutosha. Majibu ni yaleyale, maana ni mbili tofauti kabisa, na hakuna wa kukutofautishia.

Na sio kwamba ni wachache wasiomwaga. Kundi la watafiti wa Marekani linaloitwa Children's Oncology Group walichapisha mwaka 2018 kwenye jarida la British Journal of Cancer, wakaangalia damu za wagonjwa 94 wa Ewing na 72 wa osteosakoma ambao ndo kwanza wamegundulika na ugonjwa haujasambaa. Waliokutwa na ctDNA walikuwa asilimia 53 kwa Ewing na asilimia 57 kwa osteosakoma. Yaani karibu nusu walikuwa na saratani inayojulikana, imeonekana kwenye kinyama na kwenye picha, na kipimo cha damu cha aina ile kikasema hakuna kitu. Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya mwongozo huu.

Utafiti huohuo ndo ulionyesha kwanini madaktari wanakihangaikia. Kwa Ewing, baada ya miaka 3, waliokuwa bado wanaishi bila ugonjwa kurudi ni asilimia 48.6 kwa waliokutwa na ctDNA mwanzoni, na asilimia 82.1 kwa ambao hawakukutwa nayo. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na wote hawa kwenye picha walionekana ni wagonjwa wa daraja moja. Ndo maana saivi tafiti zinajaribu kuona kama kipimo kinaweza kusaidia kuamua nani apewe dawa kali zaidi na nani aonewe huruma apunguziwe. Kuonyesha hatari na kubadilisha matibabu ni vitu viwili, cha kwanza kimeshaonekana, cha pili bado kinatafutwa.

Damu hii ichotwe lini hasa? Ikiwezekana kabla ya kukata kinyama, au kama kimeshakatwa basi siku kadhaa zipite, ila kabla ya tone la kwanza la kemo. Upasuaji na majeraha yanafanya mwili umwage cfDNA nyingi ya kawaida na ile ya uvimbe inamezwa humo.

Na kwakuwa tunaongelea vijana, kipindi hikihiki cha kabla ya kemo ndo kipindi cha kuuliza habari ya uzazi. Dawa za kemo kama saiklofosfamaidi na ifosfamaidi zinaweza kuharibu mbegu na mayai. Kijana wa kiume aliyebalehe anaweza kuhifadhi mbegu, kwa msichana kuna njia pia ila zinachukua muda zaidi, na mtoto wa miaka 17 hawezi kulianzisha hilo mbele ya baba na mama, kwahiyo mkubwa mmoja alianzishe au daktari aongee naye faragha. Msichana apimwe pia mimba, kwanza kwa usalama wa dawa, na pili mimba inaingiza DNA ya mtoto kwenye damu ya mama na kuvuruga majibu ya kipimo chenyewe.

Hatua ya 4: Tyubu, sentrifyuji na freeza (wa maabara, hapa ndo penu)

Ukiwa mgonjwa soma pia, manake makosa mengi yanatokea mkononi mwa mtu aliyekuwa na haraka na wewe ndo uliyepo pale kuuliza.

Usitumie tyubu ya kijani yenye heparini, inazuia PCR, ile mashine ya kuzidisha DNA ili ionekane, kufanya kazi. Kama kijana ana poti kifuani au laini (mrija wa kupitishia dawa kwenye mshipa) ambayo inasafishwa na heparini, zile mililita za kwanza zitupwe au ziende kipimo kingine, au damu ichotwe tu mkono mwingine. Usitumie siramu (maji ya damu iliyoachwa igande), tumia plazma (maji ya damu ambayo haijaganda), kwasababu damu ikiganda seli nyeupe zinapasuka na kumwaga DNA zake, na ukizijaza hizo ya uvimbe haionekani tena.

Una chaguo mbili. Ya kwanza ni tyubu ya zambarau ya EDTA ya kawaida, ipo kila hospitali, bei ndogo, ila saa inakimbia: plazma itenganishwe ndani ya saa 2 mpaka 4, ukifika 6 umefika mwisho. Ya pili ni tyubu maalum za kutunza seli zisipasuke, kama Streck, mtengenezaji anaruhusu mpaka siku 14 kwenye joto la nyuzi 6 mpaka 37, kwahiyo kwa mgonjwa aliyeko mbali na maabara kubwa hii ndo yenyewe japo bei yake sio ya EDTA. Ijazwe mpaka kwenye alama, igeuzwe taratibu mara 8 mpaka 10, isitikiswe, na isiwekwe friji wala kwenye barafu. Najua mkono wa mtu wa maabara umezoea kuweka kila kitu kwenye kulibaksi lenye barafu, kwa tyubu hizi usifanye. Na tyubu yoyote ile, damu nzima isigandishwe kamwe.

Mzunguko wa kwanza wa sentrifyuji, mashine ya kuzungusha damu, ni 1,600 g kwa dakika 10, na breki ya mashine iwe laini. Hiyo g sio rpm jamani, ni vitu viwili, g ni nguvu ya mvutano na rpm ni mizunguko kwa dakika. Kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16 hiyo 1,600 g inakuja kama rpm 3,000, ila rota yako ikiwa na kipimo kingine hesabu inabadilika, angalia kitabu cha mashine. Vuta plazma ya juu ukiacha nafasi kidogo juu ya ule utando mweupe wa seli nyeupe unaokaa kati ya plazma na seli nyekundu, usiwe na tamaa ya kumaliza yote, ukigusa utando umeingiza seli nyeupe. Plazma hiyo hamishia tyubu nyingine, zungusha tena kwa 16,000 g dakika 10 kuangusha mabaki, kisha gawa mililita moja moja na weka nyuzi hasi 80. Kugawa ni muhimu kwasababu kuyeyusha na kugandisha tena kunaharibu, kwahiyo kila mara unatoa kile unachohitaji tu.

Ule utando mweupe usiutupe. Utunze kwenye tyubu yake, ndo utakaotumika kulinganisha, nitaeleza hatua ya 6.

Kiasi cha damu nacho kina hesabu yake na ningependa kila mtu aielewe. Tyubu ya mililita 10 inatoa plazma kama mililita 4. Tuseme kila mililita ina nanogramu 5 za cfDNA, jumla 20. Nanogramu moja ni kama nakala 300 za jenomu (seti nzima ya DNA) ya binadamu, kwahiyo mkononi una nakala 6,000 hivi. Sasa kama uvimbe umebaki mdogo na unachangia nakala 1 kati ya 10,000, kuna uwezekano mkubwa hiyo moja haimo kabisa kwenye tyubu yako, hata mashine iwe ya ajabu namna gani haiwezi kuona kisichokuwepo. Ndo maana wanaomba tyubu mbili, na kwa kijana mkubwa ambaye hana upungufu mkali wa damu mililita 20 hazina shida.

Kwenye lebo andika namba ya mgonjwa, tarehe, saa ya kuchota, saa ya kuzungusha, aina ya tyubu, na ni kabla au baada ya kemo ya ngapi. Plazma ikiwa nyekundu au ya waridi andika pia, hiyo ni damu iliyopasuka.

Hatua ya 5: Chagua aina ya kipimo

PCR ya matone, ddPCR, inachukua muungano wako uliojulikana kwenye kinyama na kuutafuta peke yake. Ni sikivu sana, ni rahisi kwa kila damu inayorudiwa, ila inahitaji ile sehemu kamili ya muungano na inaona hicho tu. Kwa Ewing naipenda hii kuliko zote.

Kusoma jenomu nzima juujuu ni njia nyingine, hawasomi kwa kina ila wanahesabu nakala za kromosomu kila mahali. Haihitaji kinyama, bei yake ni nafuu ukilinganisha na kusoma kwa kina, na ndo inayofaa osteosakoma. Udhaifu wake ni kwamba DNA ya uvimbe ikiwa chini ya asilimia 3 hivi ya cfDNA yote inaanza kupotea machoni.

Kuna paneli za jeni nyingi za makampuni, mfano Guardant360 CDx na FoundationOne Liquid CDx zilizoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2020. Hizo zilitengenezwa zikilenga zaidi saratani za wakubwa kama mapafu, ambako kuna mabadiliko madogo ya herufi moja moja kwenye jeni. Sakoma za vijana mara nyingi hazina hayo mabadiliko mengi, zina muungano, na muungano unatokea kwenye sehemu za katikati ya jeni ambazo paneli nyingi hazisomi. Kwahiyo kabla ya kulipa uliza kwa jina: EWSR1 imo? SS18 imo? FOXO1 imo? Na mnasoma mpaka sehemu inapokatikia au mnasoma jeni kwa juu tu? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, usilipe.

Njia mpya inayonipa matumaini ni ya kuangalia vipande vyenyewe, urefu wake na mahali vilipokatikia kwenye jenomu, bila kutegemea mabadiliko ya jeni. Watafiti wa Vienna walichapisha 2021 kwenye Nature Communications wakiwa na sampuli 241 za wagonjwa 95 wa Ewing na 31 wa sakoma nyingine za watoto, wakaonyesha kwamba mpangilio wa vipande unaweza kuutambua ugonjwa. Kwa saratani zenye mabadiliko machache hii inaleta maana sana. Kusoma alama za methili, yaani vialama vya kemikali vilivyobandikwa juu ya DNA, pia iko njia hiyohiyo.

Ukisikia habari ya kuhesabu seli nzima za saratani kwenye damu kuwa makini. Mashine maarufu ya CellSearch inazikamata kwa kushika protini EpCAM, ambayo iko kwenye saratani za matiti, tezi dume na utumbo. Sakoma hazitokani na tishu za aina hiyo na kwa kawaida EpCAM hazina, kwahiyo zinapita tu na majibu yanakuja sifuri. Kuna wanaotumia protini nyingine, CD99 kwa Ewing au vimentini ya juu ya seli, ila hayo ni mambo ya maabara za utafiti.

Hatua ya 6: Kusoma ripoti bila kupagawa

Kwanza tafuta asilimia. Inaweza kuandikwa kama asilimia ya DNA ya uvimbe kwenye cfDNA, au kama nakala kwa mililita moja ya plazma. Usilinganishe ripoti mbili za maabara mbili tofauti, hata ripoti mbili za njia tofauti ndani ya maabara moja, linganisha za njia moja tu.

Pili tafuta kiwango cha chini wanachoweza kuona. Ripoti ikisema haijaonekana bila kutaja waliweza kuona mpaka wapi na cfDNA ilikuwa kiasi gani, ripoti hiyo ni nusu. Piga simu uulize.

Haijaonekana, na ya mwanzo ilionekana: hiyo ni dalili nzuri ya dawa kufanya kazi, sio cheti cha kupona. Haijaonekana, na ya mwanzo haikuonekana pia: haikuambii kitu, endelea na picha. Haijaonekana na ya mwanzo haikuchukuliwa: ndo ile niliyoililia hatua ya 3.

Imeonekana tena baada ya kupotea: ni ya kuchukulia kwa uzito, irudiwe baada ya muda mfupi na picha zifanywe mapema kuliko ratiba. Ila dawa isibadilishwe kwa damu peke yake. Na kinyume chake kipo pia, vivimbe vidogo vya mapafu vya chini ya sentimita moja vinaweza kuwa havimwagi kitu, na mapafu ndo mahali sakoma hizi zinapopenda kukimbilia, kwahiyo siti skani ya kifua haiachwi eti kwasababu damu iko safi.

Ukiona TP53 kwenye ripoti simama kidogo. Inaweza kuwa ya uvimbe, inaweza kuwa ya seli za damu zenyewe ambazo zimepata mabadiliko yake (kwa vijana sio sana ila ipo), na inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo. Ule utando mweupe uliotunzwa ndo unaojibu, kama mabadiliko yapo na kule basi sio ya uvimbe peke yake. TP53 ya kuzaliwa nayo inaitwa Li-Fraumeni, na inaweza kuwagusa ndugu, dada, kaka, watoto watakaokuja. Ulizeni familia: kuna aliyepata saratani ya matiti akiwa mdogo, ya ubongo, sakoma nyingine? Hivyohivyo RB1, mtoto aliyewahi kupona saratani ya jicho ya kurithi ana hatari kubwa zaidi ya osteosakoma baadaye. Majibu ya aina hii kijana apewe akiwa na mtu wa kumshauri, sio kwa PDF kwenye WhatsApp.

Kama aliongezewa damu karibuni au alipandikizwa uboho, taja, manake DNA ya mtu mwingine inaweza kuwemo.

Hatua ya 7: Ratiba ya kurudia

Mimi ningepanga hivi: kabla ya kemo, kabla ya mzunguko wa pili, kabla ya wa tatu, kabla ya upasuaji, kisha wiki 3 au 4 baada ya upasuaji vidonda vikishatulia, mwisho wa matibabu, halafu pamoja na kila siti skani ya ufuatiliaji, ambayo miaka miwili ya kwanza mara nyingi ni kila miezi 3. Ikichotwa siku moja na picha inasaidia kulinganisha. Isichotwe mtu akiwa na homa kali ya maambukizi, cfDNA ya kawaida inapanda.

Hatua ya 8: Ukiwa huku kwetu

Kwa sakoma kipimo hiki hospitali zetu hazikitoi kama huduma ya kawaida, ila sio kwamba likwidi bayopsi ni kitu cha ng'ambo tu. Utafiti wa AI-REAL ulifanyika Tanzania na Uganda kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, ukitumia damu kutafuta limfoma za watoto na vijana zinazohusiana na kirusi cha EBV. Kwahiyo kuchota, kutenganisha plazma na kusoma DNA kumefanyika hapahapa na watu wa hapahapa, kinachokosekana kwa sakoma ni mradi na pesa, na natamani sana MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili), Ocean Road, Uganda Cancer Institute na wenzao wa Nairobi na Eldoret waunganishe nguvu, manake wagonjwa wako na ugonjwa huu kwa kituo kimoja peke yake ni wachache.

Wakati huo una vipimo viwili vya bei ndogo ambavyo vina maana ya kweli, LDH kwa Ewing na osteosakoma, na ALP kwa osteosakoma, vyote ni vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu. Vichukuliwe palepale kabla ya kemo na virudiwe kwa ratiba ileile. Angalizo mbili. ALP ya kijana anayekua iko juu kiasili kwasababu mifupa inajengwa, kwahiyo ukiilinganisha na kiwango cha mtu mzima utamtisha bure, dai kiwango cha umri wake. Na LDH inapanda uongo damu ikipasuka kwenye tyubu, ikija juu ghafla wakati kijana anaendelea vizuri, chota tena kwanza ndo uogope.

Ukipata nafasi ya utafiti wa nje, sampuli haibebwi kwenye begi. Kutoka Tanzania inahitaji kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha sampuli unaopita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na nchi nyingine zina vyombo vyake. Soma ile fomu ya ridhaa: damu itatunzwa muda gani, majibu utarudishiwa au hapana, na ukijitoa sampuli zinafanywaje. Aliye chini ya miaka 18 mzazi anasaini, lakini aulizwe yeye mwenyewe kwanza, mkono unaochomwa sindano ni wake.

Na kama hospitali yako ina freeza ya nyuzi hasi 80 na utaratibu wa kutunza sampuli, omba plazma ya kabla ya kemo na ule utando mweupe vitunzwe hata kama leo hamna kipimo cha kufanyia. Plazma iliyogandishwa vizuri inaweza kusubiri miaka. Andika kwenye faili lako imetunzwa wapi, tarehe gani na kwa namba ipi, halafu piga picha ukurasa huo.